Mshirika anatoka dukani: yeye anadai milioni 75, mimi nasema 15. Thamani ya haki ya biashara ndogo hupatikanaje?

Mleta mada (Mwanza)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa watu wenye uzoefu wa hesabu na sheria, kwa sababu jambo hili limefika mahali ambapo mimi na mwenzangu hatuwezi tena kulizungumza tukiwa wawili bila sauti kupanda.

Tuna duka la vifaa vya ujenzi Nyakato, tulilolifungua mwaka 2016 kwa kila mmoja kutoa shilingi milioni 12. Jina la biashara limesajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni) kwa majina yetu sote wawili, lakini hakuna mkataba wa ubia wa maandishi. Mimi ndiye ninayeshinda dukani. Mwenzangu ni mwajiriwa, hufika Jumamosi kukagua vitabu. Sasa anahamia Dodoma na anataka atoke. Anasema mali ya duka baada ya kutoa madeni ni milioni 90, kilemba cha fremu (fedha anayotoa mpangaji mpya ili aachiwe chumba cha duka) ni milioni 30, na faida ya mwaka ujao ni milioni 30, hivyo jumla ni 150 na nusu yake ni 75. Mimi nimemwambia nitamrudishia milioni 12 zake pamoja na kifuta jasho cha milioni 3.

Hesabu zetu za mwisho wa mwaka ni hizi. Mzigo uliopo, kwa bei ya kununulia, ni milioni 68. Wateja waliochukua mali kauli wanadaiwa milioni 27. Fuso letu tunalikadiria milioni 22. Wasambazaji wanatudai milioni 19 na benki milioni 8. Mauzo ya mwaka mzima yalikuwa milioni 620, faida ghafi milioni 74, na gharama zote (pango, mishahara ya vijana wanne, mafuta, umeme, leseni) milioni 32. Mimi sijilipi mshahara. Kila mmoja huchukua anachohitaji na kukiandika kwenye daftari. Nani kati yetu yuko karibu na haki?

Mchangiaji, mhasibu (Dar es Salaam)

Mkuu, nashukuru kwa kuweka hesabu wazi, kwa sababu migogoro mingi ya namna hii huletwa ikiwa na hasira tu bila tarakimu. Kwa maoni yangu nyote wawili mmekosea, na mmekosea kwa njia tofauti, kwa hiyo nitaanza na wewe.

Milioni 12 alizotoa mwenzako zilikuwa mtaji wake, hazikuwa mkopo aliokupa. Mkopo hurudi kama ulivyokwenda, pamoja na riba mliyopatana. Mtaji haurudi hivyo, kwa sababu uligeuka saruji, saruji ikageuka nondo, nondo zikageuka Fuso, na leo mwenzako anamiliki nusu ya kile mlichofikia, kiwe kimekua au kimepungua. Kama duka lingeungua moto mwaka wa pili, usingemrudishia hizo 12, na yeye asingekuwa na haki ya kuzidai. Aliyekuwa tayari kubeba hasara hiyo huwezi kumnyima ukuaji. Kifuta jasho ni lugha ya kumshukuru mtu aliyekusaidia. Mwenye mali hapewi kifuta jasho kwa mali yake mwenyewe.

Sasa nije kwa mwenzako. Kosa lake ni kujumlisha mali na faida ambayo mali hiyohiyo italeta. Biashara inaweza kuthaminiwa kwa kuangalia ilicho nacho, au kwa kuangalia kile inachozalisha kila mwaka, au kwa kulinganisha na bei ambayo biashara zinazofanana nayo zimeuzwa. Hizo ni njia za kufikia thamani moja, na husaidia kukosoana. Ukichukua jibu la njia ya kwanza ukaongeza juu yake jibu la njia ya pili, umemlipisha mnunuzi mzigo mara mbili: mara ya kwanza kama mzigo, mara ya pili kama faida itakayotokana na kuuza mzigo huohuo.

Tuanze na mali. Milioni 90 ni tarakimu ya daftari. Ingieni stoo mkiwa wote wawili, na mtakuta mambo ambayo daftari haliyaoni. Mtakuta mifuko ya saruji iliyokaa karibu na ukuta wenye unyevu, ukiibonyeza kwa kidole haibonyei. Mtakuta ndoo za rangi ambazo muda wake umepita, mabati ya rangi ambayo mafundi wa mwaka huu hawaitaki, na masanduku ya vifungio vya bomba vya kipimo kisichoulizwa. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi mzigo uliolala namna hii hufichwa na mzigo unaozunguka haraka, kwa kuwa jumla ya stoo haibadiliki sana na kila mtu anaridhika. Kwa mfano tu, tuchukulie kwamba mmehesabu mkakuta milioni 11 ni mzigo ambao hautauzika. Mnabaki na 57.

Madeni ya wateja nayo yapangeni kwa umri. Fundi aliyechukua mabati mwezi uliopita si sawa na mkandarasi ambaye namba yake ya simu haipatikani tangu mwaka juzi. Tuchukulie kuwa katika milioni 27, kiasi cha milioni 15 kimepita mwaka mmoja. Kwa tahadhari tunahesabu 12. Fuso likibaki 22, mnapata 57, jumlisha 12, jumlisha 22, ambayo ni 91; mkitoa 19 za wasambazaji na 8 za benki, zinabaki milioni 64. Nusu yake ni 32.

Njia ya pili inaangalia faida. Milioni 74 kutoa 32 ni 42, lakini hapo ndani kuna mshahara wako ambao haujalipwa. Mnunuzi kutoka nje angelazimika kumwajiri msimamizi, na kwa duka la ukubwa huo mshahara wa milioni moja kwa mwezi si wa kutia chumvi. Faida halisi inashuka hadi 30. Biashara ndogo inayomtegemea mtu mmoja, yenye fremu ya kupanga na wateja wanaoweza kuhamia duka la jirani kesho, haiwezi kununuliwa kwa faida ya miaka kumi. Mimi binafsi ningezidisha kwa 2 au 3, na kwa sababu hiyo ningeiona thamani nzima kati ya milioni 60 na 90 kabla ya kodi. Nusu yake ni kati ya 30 na 45.

Ona kwamba njia mbili zimekutana. Thamani ya mali, 64, imeangukia ndani ya mipaka ya thamani ya faida, karibu na upande wa chini. Maana yake ni kwamba duka hili lina jina na wateja, lakini jina hilo halina thamani kubwa juu ya mali yenyewe. Mimi ningeketi kati ya 32 na 38 kwa sehemu ya mwenzako, kisha ningehamishia mazungumzo kwenye masharti ya malipo.

Mchangiaji, mfanyabiashara (Kahama)

Mhasibu ametoa darasa zuri. Naomba kuongeza jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ni tarehe. Biashara haina thamani moja ya kudumu. Bei ya nondo ikipanda mwezi ujao, mzigo uleule utakuwa na thamani nyingine, na kila upande utachagua tarehe inayoupendeza. Pataneni kwanza kwamba mnathamini duka kama lilivyokuwa jioni ya siku fulani, fungeni mapema, hesabuni mzigo mkiwa pamoja, na kila karatasi isainiwe na wote wawili kabla ya duka kufunguliwa asubuhi.

Pia kuna njia ambayo inaondoa ubishi wa bei kabisa. Mmoja anataja bei ya nusu, na mwingine anachagua: ama auze sehemu yake kwa bei hiyo, ama anunue sehemu ya mwenzake kwa bei hiyohiyo. Anayetaja atakuwa mwadilifu kwa sababu hajui ataangukia upande upi.

Mchangiaji, mhasibu (Dar es Salaam)

Ndugu yangu wa Kahama, suala la tarehe naliunga mkono kwa moyo wote. Njia ya kutaja na kuchagua naiogopa katika shauri hili. Inakuwa ya haki pale ambapo pande zote mbili zina fedha mkononi na zote zinaweza kuendesha biashara. Hapa mmoja yuko dukani kila siku na anajua ni mteja gani hulipa. Mwingine ni mwajiriwa anayehama mkoa. Mleta mada anaweza kutaja bei ya chini akijua wazi kwamba mwenzake hawezi kununua na kuja kukaa Nyakato. Utaratibu utaonekana wa haki huku mwenye nafasi dhaifu akiumia.

Kuhusu kilemba cha milioni 30, niliacha kulisema makusudi hadi niulize: mkataba wenu wa pango umebakiza muda gani, na unaruhusu kumkabidhi mtu mwingine fremu? Kilemba huwa na thamani pale ambapo mwenye nyumba anakubali ahamishiwe mpangaji mpya na mpangaji huyo yuko tayari kutoa fedha. Kama mkataba umebakiza miezi michache na mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi au kumpa fremu mwanawe, kilemba hicho ni tumaini, na tumaini haligawanywi kwa fedha taslimu.

Mchangiaji, wakili (Arusha)

Nitazungumza upande wa sheria kwa kifupi kadiri inavyowezekana, na mtu asichukue maneno haya badala ya kumwona wakili akiwa na nyaraka zake.

Kusajili jina la biashara BRELA hakuundi kampuni. Ninyi ni wabia, na ubia hapa Tanzania Bara unaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Pale ambapo wabia hawakupatana vinginevyo, sheria huchukulia kwamba faida na hasara hugawanywa sawa, na kwamba mbia hana haki ya mshahara kwa kazi aliyoifanyia biashara ya ubia. Hoja hii ya mwisho huwauma wengi, kwa hiyo naomba mleta mada aielewe vizuri. Mhasibu alipotoa mshahara wa msimamizi, alikuwa anatafuta faida ambayo mnunuzi angeipata kesho, na hiyo ni sahihi. Hilo halikupi haki ya kudai mishahara ya miaka yote iliyopita, isipokuwa kama unaweza kuonyesha kwamba mlipatana hivyo, hata kwa mwenendo au kwa maandishi ya simu.

Mkishindwa kuelewana, mmoja wenu anaweza kutoa notisi ya kuuvunja ubia, na mahakama inaweza kuagiza hesabu zifanywe na mali iuzwe. Mali ya duka inayouzwa kwa amri hugombewa na wanaojua kwamba muuzaji hana uchaguzi. Zile 64 za mhasibu zinaweza kuwa 40, kabla hamjalipa gharama za shauri. Badala yake andikeni makubaliano ya kumteua mtaalamu mmoja mnayemwamini nyote, aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na mseme wazi kwamba tarakimu yake itakuwa ya mwisho. Kama kuna kiwanja au jengo, hapo mtahitaji pia mthamini aliyesajiliwa chini ya sheria ya uthamini ya mwaka 2016, kwa sababu hiyo ni taaluma nyingine.

Mchangiaji (Moshi)

Samahani kwa kuingilia, wakili. Sisi tuna kampuni, na mimi nina hisa 30 kwa mia. Wenzangu wawili wameniondoa kwenye ukurugenzi, gawio halijawahi kutolewa, na wanasema hisa zangu zina thamani ndogo kuliko asilimia 30 ya kampuni kwa kuwa hazina nguvu ya kura. Je, hilo ni kweli?

Mchangiaji, wakili (Arusha)

Ndugu, swali lako ndilo moyo wa mashauri ya kampuni ndogo. Kwa mnunuzi wa nje wana hoja, kwa sababu hakuna anayependa kununua asilimia 30 ya hisa ndani ya kampuni ambayo watu wawili wanaamua kila kitu. Lakini wao si wanunuzi wa nje, na sheria hulitazama hilo.

Kifungu cha 233 cha Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 kinamruhusu mwanahisa kuiendea mahakama pale ambapo mambo ya kampuni yanaendeshwa kwa namna inayomwumiza isivyo haki, na miongoni mwa amri zinazoweza kutolewa ni kwamba wenzake au kampuni wanunue hisa zake. Kifungu hiki kinafanana na cha Uingereza, ndiyo maana hukumu za huko hurejewa hapa kama mwongozo. Mwaka 1972 Baraza la Mabwana, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu ya Uingereza, liliamua shauri la Ebrahimi. Alikuwa mbia katika biashara ya mazulia, wakaigeuza kuwa kampuni mwaka 1958, mwana wa mwenzake akaingia, kisha baba na mwana wakamwondoa kwenye ukurugenzi. Kama kwenu, gawio halikuwa likitolewa. Faida ilikuwa ikilipwa kama ujira wa wakurugenzi, kwa hiyo kumwondoa kwenye ukurugenzi kulikuwa kumkatia riziki. Mabwana walisema kwamba kampuni iliyojengwa juu ya kuaminiana kwa watu wachache haitazamwi kwa herufi za katiba ya kampuni peke yake, wakaagiza ivunjwe.

Mwaka 1999, katika shauri la O'Neill dhidi ya Phillips, jaji Lord Hoffmann alieleza jinsi toleo la haki la kununua hisa linavyopaswa kuwa: thamani ya haki ambayo kwa kawaida haipunguzwi kwa sababu tu mwanahisa ana hisa chache kuliko wenzake, mtaalamu wa kuamua pale ambapo bei haikupatikana, na pande zote kupata taarifa zilezile za kampuni. O'Neill mwenyewe alishindwa, kwa hiyo usidhani kuondolewa tu kunatosha. Waandikie wenzako ukiomba hesabu za miaka mitatu na utaje masharti hayo. Wakikunyima vitabu, kunyimwa huko kutakuwa sehemu ya ushahidi wako.

Mchangiaji, mwenye duka (Tanga)

Wakili, na sisi ambao majina yetu hayapo kabisa? Duka limesajiliwa kwa jina la mume wangu. Mimi nimeuza, nimepokea mzigo usiku, nimefunga hesabu kwa miaka yote ya ndoa.

Mchangiaji, wakili (Arusha)

Dada, ikitokea ndoa ikavunjwa, jina kwenye cheti halimalizi jambo. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawanya mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983 Mahakama ya Rufani imetambua kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Wewe umefanya kazi ya duka lenyewe. Tunza daftari zenye mwandiko wako, stakabadhi ulizosaini na ujumbe wa wasambazaji waliokuwa wakikupigia wewe, kwa sababu mahakama itauliza ukubwa wa mchango wako, na mchango huthibitishwa.

Mleta mada (Mwanza)

Wakuu, nimewasomea wote kwa makini na nimemtumia mwenzangu uzi huu. Tumezungumza kwa simu muda mrefu. Amekubali kuachana na faida ya mwaka ujao, nami nimeachana na hoja ya milioni 12. Mkataba wa fremu umebakiza miezi mitano na mwenye nyumba hajasema lolote. Tumebaki na mambo mawili magumu. Mimi siamini kama madeni ya zamani ya wateja yatalipwa, yeye anasema yatalipwa. Pia sina milioni 32 za kumpa kwa pamoja. Nikizitoa dukani, nitabaki na rafu tupu.

Kuna jambo lingine naona aibu kulisema. Mauzo tuliyowasilisha TRA ni madogo kuliko yaliyomo kwenye daftari.

Mchangiaji, mhasibu (Dar es Salaam)

Umefanya vyema kulisema, kwa sababu hilo la mwisho lina uzito kuliko mengine. Anayetaka bei kubwa analazimika kutumia daftari la ndani, na daftari hilo ndilo linaloonyesha kodi ambayo haijalipwa. Kwa mauzo ya milioni 620 mmeshavuka kizingiti cha kusajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ambacho ni milioni 200 kwa mwaka tangu Julai 2023. Kodi hiyo, pamoja na riba na adhabu yake, ni deni la duka, na deni hupunguza thamani kwa kila mmoja wenu. Mwoneni mshauri wa kodi kabla ya kusaini, mjue kiasi, na kiingie kwenye hesabu. Usikubali kubaki nalo peke yako, na wala usimfiche mwenzako kwamba litapunguza sehemu yake.

Madeni ya zamani msiyathamini. Yaacheni nje ya bei, myaorodheshe jina kwa jina, na kila kitakachokusanywa ndani ya miezi kumi na minane mgawane nusu kwa nusu baada ya gharama za kukusanya. Kama yeye ndiye aliye sahihi, atalipwa; kama ni wewe, hukupoteza kitu. Kilemba nacho kiwekeeni sharti kama hilo: ukihamisha fremu kwa malipo ndani ya mwaka mmoja, nusu ni yake.

Malipo yagawanyeni. Mpe kwanza fedha ambazo duka linaweza kuzitoa bila kukosa mzigo wa mwezi, labda milioni 8, na zilizobaki kwa awamu za kila miezi mitatu, huku kadi ya Fuso ikishikiliwa kama dhamana. Kwa kuwa anasubiri, ana haki ya kupata nyongeza kidogo juu ya bei, na mkumbushe kwamba tarakimu kubwa inayolipwa polepole inaweza kuwa ndogo kuliko ile ya leo.

Mchangiaji, wakili (Arusha)

Nami namwongezea mwenzako anayesoma. Ukitoka bila kuwataarifu wasambazaji, wanaweza kuendelea kukuhesabu kama mbia kwa mali watakayompa mwenzako kesho, na kwa madeni ya zamani bado unawajibika hadi yalipwe au wadai wakuachilie. Andikeni barua moja kwa kila msambazaji, yenye saini zenu wawili na tarehe ya kutoka, mhifadhi nakala zilizogongwa muhuri wa kupokelewa. Benki iandikieni kuhusu zile milioni 8, maana udhamini wako hauondoki kwa sababu umehamia Dodoma. Uombe waraka wa kuachiliwa, na wakikataa, sehemu ya malipo ya kwanza iende kumaliza mkopo huo. Kisha badilisheni taarifa za jina la biashara BRELA na za ubia TRA kabla ya awamu ya pili kulipwa.

Mleta mada (Mwanza)

Nimeelewa. Jumamosi anakuja, tutafunga duka saa nane mchana na tutaanza na stoo ya saruji. Barua za wasambazaji nimeanza kuziandika.